Mvutano wa Dunia ni Mwalimu wa Mtoto

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili u nusu hivi na uzani wa karibu kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Kwa bahati njema, hakujeruhiwa mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Kitui, jirani wa Makueni. Tangu siku hiyo wenzangu hutazama juu kwa wasiwasi. Nami, ndugu msomaji, nimekuwa nikitazama zizi la mbuzi.

Mwanambuzi akizaliwa, haipiti saa nyingi kabla hajajaribu kusimama. Huinuka, akapepesuka, akaanguka, akainuka tena, mpaka akalifikia titi la mamaye. Sisi hucheka. Kumbe yumo darasani, na mwalimu wake ni mvutano ule ule ulioiangusha pete ya Mukuku! Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno vya chokaa. Kichwa kikiinama, mvutano huvisogeza, na neva hupeleka habari ubongoni: huku ni juu, huku ni chini. Ubongo mchanga hujijenga kwa kuzifuata habari hizo.

Je, zikikosekana? Mwezi wa Aprili 1998, chombo cha Marekani kiitwacho Columbia kilipaa na watoto wa panya kwa safari ya siku 16 iliyopewa jina Neurolab. Huko mvutano haukukoma, bali chombo na vyote vilivyomo vilianguka pamoja kuizunguka dunia, hata uzito usihisike. Panya waliokulia humo, walipolazwa chali baada ya kurudi, walijigeuza kwa namna isiyo ya wenzao wa ardhini, na tofauti hiyo ilidumu hata ukubwani. Wanaanga wazima nao hupepesuka warudipo, lakini baada ya siku au majuma kadhaa miguu yao huwa imara tena. Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga.

Nayataja haya kwa kuwa wapo wanaonuia kuwahamishia watu sayari ya Mirihi, ambako mvutano ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya huu wetu. Mtu mzima aweza kuiridhia hatari hiyo. Mtoto ambaye hajazaliwa ataulizwa na nani? Naamini asizaliwe mtoto yeyote huko kabla wanyama hawajatupatia jibu kamili.

Wala tusiambiwe kwamba mambo hayo hayatuhusu. Watu wa Mukuku hawakurusha roketi yoyote, lakini chuma kiliwafikia. Wana haki ya kuuliza. Na anayetaka kujibu, kwanza aje zizini amwone mwanambuzi: hajifunzi kusimama asiye na ardhi ya kuangukia.