Alabama: Jimbo lililofundishwa na mdudu kuheshimu udongo

KATIKATI ya mji mdogo wa Enterprise, kusini mwa jimbo la Alabama nchini Marekani, imesimama sanamu ya mwanamke aliyevaa gauni refu, mikono yote miwili kaiinua juu ya kichwa. Alichobeba si kapu la mavuno wala mtoto. Ni mdudu: fukusi wa pamba, yuleyule aliyewafilisi wakulima wa eneo hilo.

Sanamu hiyo ilizinduliwa Desemba 11, 1919, na mdudu mwenyewe aliongezwa mwaka 1949. Baada ya kuharibiwa na wahuni mwaka 1998, iliwekwa nakala, na ile ya awali ikahifadhiwa. Wenye mji hawakutaka kuipoteza, maana inawakumbusha jambo lililobadili maisha yao.

Fukusi huyo aliingia Marekani akitokea Meksiko mwanzoni mwa miaka ya 1890 kupitia jimbo la Texas. Mwaka 1910 alikuwa amefika Alabama, na mwaka 1915 alikuwa katika wilaya ya Coffee uliko mji wa Enterprise. (Licha ya jina hilo, wilaya hiyo hailimi kahawa, imepewa jina la Jenerali John Coffee.) Jike hutoboa tumba la pamba kwa mdomo wake mrefu na kutaga humo. Tumba huanguka kabla ya kukomaa, na mkulima hubaki na shamba la majani matupu.

Hasara ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu wakulima wengi waliishi kwa mkopo wa msimu. Mfanyabiashara alitoa mbegu, mbolea na hata chakula cha familia kwa dhamana ya mavuno yajayo, na zao alilolikubali lilikuwa pamba. Mkulima aliyetaka kujaribu kitu kingine hakukopeshwa.

Mwaka 1916, mfanyabiashara wa Enterprise, H. M. Sessions, alimshawishi mkulima aliyekuwa na madeni, C. W. Baston, apande karanga. Mavuno yalilipa madeni na majirani wakakimbilia mbegu. Kufikia mwaka 1917, wilaya ya Coffee ilikuwa ikiongoza Marekani nzima kwa karanga.

Hata hivyo, karanga zisingefaa kila mahali katika jimbo hilo. Zilikubali Enterprise kwa sababu udongo wake ni mwepesi na wenye mchanga, hivyo maua yaliyochavushwa hupenya ardhini kwa urahisi na maganda hung'olewa bila kukatika. Mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kuelekea kaskazini kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambako karanga zingenasa kwenye tope. Ndiyo maana historia ya kilimo cha Alabama haieleweki bila kuitazama ardhi yenyewe.

Kanda tano

Alabama ina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 135,000, takriban sehemu moja ya saba ya Tanzania. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni tano na ushee. Mvua ni nyingi karibu kote. Wastani ni kama milimita 1,400 kwa mwaka, na mji wa bandari wa Mobile hupata takriban 1,650. Kinachotofautisha sehemu moja na nyingine ni mwamba ulio chini na udongo uliotokana nao.

Wataalamu huligawa jimbo katika kanda tano. Nne ziko kaskazini na mashariki, mahali ambapo safu ndefu ya milima ya Appalachia inamalizikia. Ya tano ni uwanda wa pwani, unaochukua zaidi ya nusu ya jimbo na kushuka taratibu hadi Ghuba ya Meksiko.

Kaskazini kabisa ni bonde la mto Tennessee, kwenye ukanda uitwao Highland Rim. Udongo wake mwekundu umetokana na mawe ya chokaa, na hadi leo pamba, mahindi na soya hulimwa huko katika mashamba makubwa. Mto huo ulikuwa na maporomoko yaliyozuia meli, hadi yalipojengwa mabwawa. Bwawa la Wilson, katika eneo la Muscle Shoals, lilikamilika mwaka 1924, na mwaka 1933 serikali iliunda shirika la TVA kusimamia umeme, mafuriko na usafiri wa mto. Muscle Shoals ikawa kitovu cha utafiti wa mbolea. Mwaka 1974 kikaanzishwa hapo kituo cha kimataifa cha mbolea, IFDC, ambacho baadaye kilifanya kazi na wakulima wa nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Rwanda na Burundi.

Kusini ya bonde hilo ni nyanda za juu za Cumberland. Sehemu yake maarufu, Sand Mountain, ina udongo mwembamba uliotokana na mawe ya mchanga. Mashamba makubwa ya pamba hayakushamiri sana huko. Wenyeji walikuwa wakulima wadogo. Udongo hafifu haukuwazuia kutafuta riziki, kwani banda la kuku halihitaji ardhi yenye rutuba. Leo wilaya za Cullman na DeKalb ni miongoni mwa vinara wa kuku wa nyama, na jimbo zima huzalisha kuku hao zaidi ya bilioni moja kwa mwaka. Wengi hufugwa kwa mkataba: kampuni huleta vifaranga na chakula, mfugaji hujenga mabanda kwa mkopo. Samadi hurudishwa shambani. Faida ipo, lakini deni la mabanda hubaki kwa mfugaji.

Ukanda wa tatu ni wa vilima na mabonde yaliyopangana kama matuta. Hapo ndipo ulipozaliwa mji wa Birmingham mwaka 1871. Madini ya chuma, makaa ya mawe na chokaa, vitu vitatu vinavyohitajika kuyeyusha chuma, vilipatikana vyote karibu na mji huo. Palipokuwa na mashamba pakaota tanuri.

Upande wa mashariki ni Piedmont, uliko mlima Cheaha, kilele cha juu kuliko vyote jimboni, chenye karibu mita 735. Ardhi yake ni mfinyanzi mwekundu wenye miteremko. Pamba ililimwa humo msimu baada ya msimu, mvua ikaubeba udongo wa juu na kuacha makorongo. Sehemu kubwa ya mashamba hayo sasa ni misitu ya misonobari. Misitu, kwa jumla, imefunika zaidi ya theluthi mbili ya jimbo.

Pale mwamba mgumu wa milimani unapokutana na mchanga laini wa uwanda, mito huanguka kwa kasi. Zamani meli zilizotoka baharini hazikuweza kupita hapo, hivyo mizigo ilishushwa, na palipo na mizigo biashara haikosekani. Miji ya Tuscaloosa na Montgomery, ambao ndio makao makuu ya jimbo, ilikua kando ya mstari huo.

Udongo mweusi

Ukanda uliobeba historia nzito kuliko yote ni Black Belt, utepe mwembamba unaokatiza uwanda wa pwani kutoka mashariki hadi magharibi. Zamani za kale ulikuwa chini ya bahari, na mashapo yaliyotuama yakawa chokaa laini. Juu yake ukatokea udongo mweusi, ambao mvua ikinyesha hunata na jua likiwaka hupasuka. Mkulima wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania anayeujua udongo wa mbuga angeutambua mara moja.

Rutuba hiyo iliwavutia wenye mashamba makubwa, waliowaleta watumwa kuyalima. Mwaka 1860 Alabama ilikuwa na watumwa wapatao 435,000, karibu nusu ya watu wote wa jimbo. Utajiri ulikwenda kwa wachache. Utumwa ulipokwisha, watu weusi wengi walibaki wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na deni likawafunga palepale. Hadi sasa wilaya za Black Belt ni miongoni mwa maskini zaidi nchini humo.

Fukusi alipoingia na udongo ulipochoka, pamba ilirudi nyuma. Baadhi ya wakulima waligeukia ng'ombe, kwani nyasi hustawi juu ya chokaa. Wengine waligundua kuwa mfinyanzi usiopitisha maji ni hasara kwa mkulima wa mahindi lakini ni mtaji kwa mfugaji wa samaki. Wakachimba mabwawa na kuweka kambare. Leo Alabama ni ya pili nchini Marekani kwa ufugaji wa kambare, nyuma ya jimbo jirani la Mississippi, na mabwawa mengi yako magharibi mwa ukanda huo, zikiwamo wilaya za Hale na Greene.

Udongo huohuo una adhabu yake. Kwa kuwa haufyonzi maji, mashimo ya maji taka ya kawaida hushindwa kufanya kazi, na katika wilaya ya Lowndes familia nyingi zisizo na fedha za mitambo maalumu zimeishi na maji machafu uani.

Aliyesema kabla ya mdudu

Somo la Enterprise lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1896, mtaalamu wa kilimo George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani, alifika katika chuo cha Tuskegee, kilichoanzishwa mwaka 1881 chini ya uongozi wa Booker T. Washington. Aliona ardhi iliyochoshwa na pamba, akawahimiza wakulima wabadilishe mazao kwa kupanda kunde, karanga na viazi vitamu. Kunde na karanga hurudisha naitrojeni ardhini, na zote tatu hulisha familia hata kama bei ya pamba imeanguka. Mwaka 1906 chuo kilianza kutumia gari la kukokotwa kupeleka mafunzo vijijini, na mwaka 1916 Carver alichapisha kijitabu cha kulima karanga chenye njia 105 za kuziandaa kwa chakula.

Wengi hawakuweza kumfuata, si kwa ukaidi tu, bali kwa sababu mkopeshaji alitaka pamba. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Alabama ilifunzwa na fukusi. Mwaka 1938, mji wa Dothan, jirani na Enterprise, ulipofanya sikukuu yake ya kwanza ya karanga, mgeni aliyealikwa kuhutubia alikuwa Carver.

Fukusi mwenyewe alitokomezwa jimboni kwa mpango wa pamoja wa wakulima na serikali katika miaka ya 1980 na 1990, na pamba bado inalimwa Alabama. Tofauti ni kwamba sasa iko pale udongo unapoikubali, kwenye mzunguko na karanga, soya au mahindi, huku jirani wa mlimani akifuga kuku na wa mfinyanzi akivua kambare. Kwa mkulima anayetaka kuiga zao lililomtajirisha mwenzake wa wilaya nyingine, swali la kwanza si bei ya sokoni. Ni kama udongo ulio chini ya miguu yake ni uleule.