Sakafu Ing'aayo Bila Marumaru

Msikilizaji, juma hili naomba tuinamishe macho, tutazame tunapokanyaga. Mjini mtu akijenga, fikira yake ya kwanza ni marumaru. Na hizo tuziitazo marumaru mara nyingi si jiwe lenyewe, bali ni vigae vya udongo uliochomwa. Lakini wapo wanaoliacha zege la nyumba liwe ndiyo sakafu, likasagwa na kung'arishwa hadi taa ya darini ionekane ndani yake. Nasikia watu wakiuliza: je, hiyo si niru ile ile ya bibi zetu?

Siyo. Niru ni uji wa saruji unaomwagwa juu ya sakafu ikiwa ingali mbichi, kisha fundi akailainisha kwa mwiko. Wengine huitia rangi nyekundu. Inapendeza, ila ni ngozi nyembamba. Ikibanduka, kiraka hakifichiki. Zege la kung'arisha halivikwi ngozi. Hupitishiwa mashine yenye meno ya almasi, kwanza makali, halafu laini, halafu laini zaidi, kama seremala abadilishavyo msasa. Katikati ya kazi hunyunyiziwa dawa ya silikati, ambayo huungana na chokaa iliyomo katika saruji ikakaza uso na kuziba vitundu. Likisagwa vya kutosha, kokoto zenyewe huwa ndiyo pambo. Ndugu yake ni terazo, ile sakafu ya vipande vya mawe tunayoikuta kwenye ngazi za majengo ya zamani. Tofauti ni kwamba terazo humwagwa kuwa tabaka la peke yake.

Sasa tufike kwenye kiini. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mashine haiumbi sakafu nzuri, huifichua iliyopo. Zege lililomwagwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa, au lililozidishiwa maji ili fundi asichoke kulisawazisha, litapasuka na kutoa vumbi, na mng'aro utazionyesha nyufa waziwazi. Lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, lisikauke walau siku 7. Likatwe mistari, ili likijikunja lipasuke pale ulipopanga wewe. Mashine isubiri siku 28 hivi. Najua kodi ya unakopanga inakukimbiza uhamie. Lakini siku hizo ukiziiba, utazilipa.

Tusimsahau fundi. Vumbi la zege lina silika, nayo huharibu mapafu pasipo tiba ya kuyarudisha. Kazi ifanyike kwa maji, au kwa mashine inayofyonza vumbi, na fundi avae barakoa inayofaa. Hilo liingie katika mapatano ya bei.

Ukishahamia, ufagio na maji yenye sabuni isiyo kali vinatosha. Limau na siki vikimwagika, futa mara moja, kwani huila saruji na kuacha doa.

Basi msikilizaji, kabla hujauliza bei ya kung'arisha, nenda kwanza ukalitazame zege lako.