Pikapu Ikinguruma, Usiseme Ni Kelele Tu



Mwezi uliopita nilikuwa Osieko, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Viktoria kule kaunti ya Busia. Kurudi mjini Busia nilipata lifti ya pikapu kuukuu ya petroli, imebeba magunia ya omena, yaani dagaa. Ilinguruma kama trekta. Nilipouliza, dereva akacheka: "Salansa imetoboka, mzee. Ni kelele tu."

Mvua ikaanza, tukapandisha vioo. Haikupita nusu saa, kichwa kikaniuma na kichefuchefu kikanishika. Kijana aliyekaa katikati alikuwa amesinzia, na tulipomwamsha alijibu kama mlevi. Nikamsihi dereva asimame. Tulishuka tukapigwa na upepo mpaka fahamu zikarudi, alhamdulillahi.

"Malaria hiyo," dereva akasema. Malaria gani inayowapata watu watatu kwa pamoja, ikaondoka kwa upepo?

Bomba la ekzosi lina kazi ya kupunguza kelele, lakini pia huupeleka moshi nyuma ya gari, mbali na pua zetu. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunuka. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Unapumua, lakini mwili unakosa hewa. Moshi wa dizeli una gesi hiyo kwa uchache, ila nao si salama.

Mbona magari ya zamani? Petroli lita moja ikiungua hutoa maji kiasi cha lita moja, kwa njia ya mvuke. Katika safari fupi bomba halipati joto la kuyakausha. Yanabaki ndani ya salansa pamoja na asidi ya moshi, yakila chuma kutoka ndani. Nje unaona kutu kidogo, kumbe ndani kumekwisha. Barabara ya mawe nayo hukata raba zinazoning'iniza bomba, likacheza mpaka likapasuka kwenye maungio. Kwetu Pwani, chumvi ya bahari huongeza lake.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, washa gari usikilize. Mlio wa tik-tik karibu na injini huenda ni gasketi inayovuja. Masizi meusi kwenye maungio ni dalili ya uvujaji. Tazama pia matundu ya sakafu. Kufunga kopo na waya si matengenezo. Fundi achomelee au abadilishe. Na msiwapakie watoto nyuma chini ya turubai, moshi hurudi humo.

Kichwa kikiwauma wote garini, zimeni injini, shukeni. Asiyepata nafuu upesi, au aliyepoteza fahamu, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba alivuta moshi wa gari. Asipoambiwa, huenda akampima malaria kwanza.