Mpira na mayo tunazo. Kinachokosa ni nini?

Bandugu na badada, kila mara tukipanga mashindano ya asosiasio yetu, mchango unaanza na vitu viwili: mpira na mayo. Siku ikifika, kiwanja kinajaa wanaume. Badada wachache wako pembeni, wanatulindia simu na mabegi. Hapo hakukosi mtu wa kusema: "Banamuke habapendi michezo."

Mimi nilifanya lisansi ya agronomia, si ya sosiolojia. Lakini neno hilo linanikumbusha mkulima anayesema shamba lake limechoka tu, bila kuangalia ni kitu gani udongo unakosa.

Kwetu agronomia kuna kanuni moja inayofundishwa mapema. Mjerumani Carl Sprengel aliitoa katika karne ya 19, na mwenzake Justus von Liebig akaifanya ijulikane. Inasema hivi: mavuno hayafuati kile kilicho kingi, yanafuata kile kinachokosa zaidi. Fikiria pipa la mbao lenye ubao mmoja mfupi. Mimina maji unavyotaka, yatamwagikia pale pafupi. Udongo mwekundu wa huku Lubumbashi mara nyingi una asidi na unaishikilia fosforo, hata mahindi machanga yanaonyesha majani ya zambarau. Ukiongeza azoti peke yake, unatupa makuta bule.

Kushiriki michezo ni vile vile. Pipa lake lina mbao nyingi.

Kuna ubao wa wakati. Mechi tunaiweka saa kumi. Saa kumi, nyumba nyingi, ni saa ya dada kuteka maji, kuwasha makala na kuanza kufikiria bukari. Kaka yake, wa mama mmoja, ako huru. Mpe huyu dada mayo mpya, atainyoosha na kuiweka kwenye sanduku.

Kuna ubao wa makuta: transporti, viatu, mchango. Kuna ubao wa kiwanja: nafasi wazi za mtaani zinageuka parseli, na ile inayobaki inashikwa na waliozoea kucheza pale. Ndugu mwenye kutembea na baiskeli ya magurudumu matatu, yeye anashindwa na mtaro na mchanga kabla hajafika. Halafu kuna macho ya watu: kaputula yake, miguu yake, "utakuwa kama mwanaume," "nani atakuoa?"

Na kuna ubao wa sheria. Uingereza, tarehe 26 Desemba 1920, mechi ya wanawake ilijaza uwanja wa Goodison Park, Liverpool, watu karibu 53,000. Mwaka uliofuata, shirikisho la mpira la kule likawakataza wanawake kuchezea viwanja vya klabu zake, likisema mpira hauwafai. Katazo lile lilidumu karibu miaka 50. Sasa mtu wa mwaka 1960 aliyeona viwanja bila wanawake angesema nini? "Hawapendi." Wakati mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Hata leo pengo halijaisha duniani. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake 34 kwa 100 hawakufikia mazoezi ya kutosha, wanaume 29 kwa 100. Lakini tusiende mbali. Mwaka 2024, timu ya wanawake ya TP Mazembe, ya hapa hapa Lubumbashi, ilibeba kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mapenzi ya mpira yako kwa wasichana wengi wa mitaa yetu. Hawa walipata pia kiwanja, mwalimu, saa ya mazoezi, na jina kubwa la kujibu nalo maneno ya watu.

Njo maana ninaomba kitu kimoja kabla ya mchango ujao. Tusiulize waliokuja wanataka nini. Tuulize wale ambao hawakuja: ni kitu gani kilikuzuia? Tuwaulize mmoja mmoja, maana mbele ya watu wote mtu anajibu tu "niko busy."

Kama ni saa, tuhamishe mechi, na siye makaka tushike bidoni siku hiyo. Kama ni makuta, tuondoe mchango na tucheze na nguo za kila siku. Kama ni njia, tuweke ubao juu ya mtaro. Kama ni macho ya watu, badada wapewe saa kubwa ya mechi, si ile ya kungojea wanaume wafike, na wawe ndani ya komite inayopanga.

Baadhi ya hizi ni bei ndogo kuliko mayo kumi na moja. Sisi tulisoma ili tujue kupima kabla ya kumwaga mbolea. Basi tupime.