Posho ya mjusi mwenye pembe

Kule Texas, katika Marekani, mwaka 1897, watu wa muji wa Eastland walikuwa wanajenga tribinali. Ndani ya jiwe la musingi waliweka Biblia na, wanavyosema wenyewe, mjusi muzima mwenye pembe. Mwaka 1928 nyumba ikabomolewa, jiwe likafunguliwa mbele ya watu wengi sana, na mjusi akatolewa: kumbe iko anapumua! Miaka 31 bila chakula, bila hewa. Sisi hatuamini. Nanyi bandugu mulioshuka chini ya udongo, munaojua namna hewa inakwisha mbio, zani hamuamini pia.

Lakini mjusi mwenyewe alikuwa wa kweli. Walimuita Old Rip, wakamutembeza kumuonyesha, hata Prezida Coolidge akamuona. Mwezi wa kwanza 1929 akakufa, wakasema ni ugonjwa wa mapafu. Katika mikono ya watu hakumaliza hata mwaka.

Hapa njo tunataka kusimama kidogo. Mjusi huyu ni mupole, analingana na kiganja, hauma mtoto. (Mbwa akimusumbua, anaweza kumurushia damu kutoka kwa macho!) Juu ya upole ule watoto wa Texas walimufuga sana katika makatoni, na wengi walikufa mikononi mwao. Hawakuwachukia. Walikosa kujua posho yake.

Posho yake ni sisimizi, wale wakubwa wanaokusanya mbegu. Sisimizi mumoja hana nyama mingi, kwa hiyo anakula makumi na makumi kila siku, na tumbo lake ni kubwa kupita la mijusi wengine. Ukimupa nyenje tu, atakula, utafurahi, kisha pole pole anakonda. Ni kama muchimbaji umupe chai na mukate asubuhi mpaka magaribi, mwezi muzima, bila bukari.

Tena anataka joto. Asubuhi anaota jua mpaka mwili upate moto, bila ile chakula hakisagiki tumboni. Anataka muchanga wa kujizika, na baridi ikifika analala miezi. Maji ya sahani hayajui sana: mvua ikinyesha, ngozi yenyewe inapeleka maji mpaka kinywani.

Tangu 1967 sheria ya Texas inakataza kumukamata bila ruhusa. Lakini sisimizi wakali kutoka Amerika ya Kusini walifukuza sisimizi wake, na watu wakamwaga dawa iliyoua wote pamoja, wabaya na wazuri. Leo zoo ya Fort Worth na ile ya San Antonio zinazalisha mijusi hawa na kuwarudisha porini, lakini pahali penye sisimizi tu.

Old Rip bado iko Eastland, ku tribinali, amekauka ndani ya sanduku ya kioo. Wasafiri wanapita kumuangalia.