Udhibiti Unaojirekebisha: Mashine Inayojifunza Ikiwa Kazini

Mwendesha chukudu wa Goma hapimi mzigo wake kwa mizani. Anasukuma hatua chache tu: chukudu ikichelewa kuondoka, anajua magunia ni mazito, na kwenye mteremko atakanyaga breki mapema.

Wahandisi wana jina la njia hiyo: udhibiti unaojirekebisha. Kidhibiti cha kawaida hupewa kanuni moja tangu mwanzo: kosa la kiasi fulani hujibiwa kwa nguvu ya kiasi fulani. Kanuni hiyo yafaa iwapo parameta za mashine, yaani namba zinazoeleza uzito, msuguano na mengineyo, zinajulikana wala hazibadiliki. Zisipojulikana, kidhibiti kinachojirekebisha hufanya kazi mbili kwa pamoja: huongoza mashine, na papo hapo hulinganisha mwendo uliotarajiwa na uliopatikana, kisha hubadilisha kanuni yake.

Hitaji hili lilionekana wazi katika ndege za kasi miaka ya 1950. Juu sana hewa ni haba, hivyo usukani lazima ugeuke sana ili ndege igeuke kidogo. Chini hewa ni nzito, na mgeuko uleule waweza kuivunja ndege. Kwa hiyo ndege ya tatu ya X-15, ya Marekani, ilifungwa kidhibiti kiitwacho MH-96. Kilipandisha nguvu yake mpaka usukani uanze kutetemeka kidogo, kisha kikaipunguza. Mtetemo ndio uliokuwa alama ya kusomwa.

Tarehe 15 Novemba 1967, rubani Michael Adams alifika kilomita 81 hivi juu. Ndege ilipotea mwelekeo, ikaanza kuzunguka kama pia. Adams aliitoa katika mzunguko huo, lakini usukani ukaingia katika mtetemo mkubwa. Hewa ilizidi kuwa nzito, na kidhibiti hakikuweza tena kupunguza nguvu. Ndege ilivunjika angani, Adams akafariki. Sababu za ajali zilikuwa kadhaa. Hii ilikuwa mojawapo.

Kwetu wa lugha, hapa pana somo la istilahi. Mtu angeweza kusema “udhibiti unaozoea”. Lakini aliyezoea jambo huacha kuliona, ilhali anayejirekebisha lazima aendelee kuliona kosa lake. MH-96 ilishindwa pale alama ya kosa ilipoacha kusomeka. Neno “kujirekebisha” linabeba sharti hilo, “kuzoea” linalificha.