Tafrija ya Wanawake wa Likombe

Atazamaye Likombe leo, kata mojawapo ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, aghalabu husahau kwamba kabla ya Waingereza kuanzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, mji wenye fahari katika pwani hii ulikuwa Mikindani, na kwamba gati ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954 tu. Mradi ulianguka, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962, lakini mageuzi yaliyokwisha kuingia katika maisha ya wanawake, hata katika tafrija yao, hayakufungwa pamoja nayo.

Wako wasemao kwamba mwanamke wa pwani hakuwa na tafrija ila uvivu wa barazani, na kauli hiyo ni dhuluma. Mwanamke aliyeteka maji alfajiri na kutwanga makopa kabla jua halijawa kali, hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yapwapo mpaka miamba ikawa wazi, akiwa na ndoo na kijiti cha chuma, kanga ameifunga kibwebwe. Huyu huchokoa pweza tunduni, yule hufukua kombe mchangani, na mazungumzo yao, ya ndoa, ya bei ya unga, ya mtoto aliyefaulu shuleni, hayakatiki mpaka maji yaanze kujaa. Kazi na tafrija hapo ni kitu kimoja.

Na ngoma je? Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwa kiongozi wa siasa, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na alipoanza kuwaandikisha wanawake katika chama cha TANU mwaka 1955, alipita katika vikundi hivyo, kwa kuwa vilikuwa na viongozi, michango na nidhamu. Walioitwa wachezaji ndio walioujaza uwanja wa siasa.

Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, kina mama waliokuwa wakikutana kusuka ukili walikutana pia kushika kalamu. Hata unyago, ambao Wamakonde hawakuuacha, siku hizi mara nyingi hungoja likizo ya shule.

Basi nawasihi wapimao viwanja vya mji huu unaopanuka: wasiizibe njia ya kina mama ya kwenda pwani, wala wasiuuze uwanja wao wa ngoma.